Kijiji kilinisomesha, ofisi inanidai, na mitihani iko Novemba

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 25, ni binti wa Sengerema ninayeishi Mwanza. Nilisomea uhasibu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikakaa nyumbani karibu mwaka mzima nikitembeza bahasha, kisha nikapata kazi kwenye kampuni moja ya ukaguzi wa hesabu na ushauri wa kodi hapa mjini. Huu ni mwaka wangu wa pili. Kazi naipenda na najua thamani yake, maana wenzangu wengi niliohitimu nao bado wako mtaani.

Nimesoma shule ya kata. Mwalimu wa Hisabati alikuwa mmoja kwa shule nzima, na wasichana wa darasa letu tuliofika Kidato cha Tano tulikuwa wa kuhesabika. Nilipopata nafasi ya chuo, kanisani kwetu waliniitia harambee: begi, shuka, nauli ya basi hadi Dar, na fedha ya kula mpaka boom, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, liingie. Mama mmoja muuza dagaa alitoa elfu mbili. Namjua yule mama, na najua elfu mbili kwake ni nini. Kwa hiyo nilipoanza kupata mshahara nilikwenda shuleni kwetu, nikamwomba mkuu wa shule aniruhusu niwe nakaa na wasichana siku za Jumamosi. Walianza sita, chini ya mwembe ulio nyuma ya maabara. Sasa wanakaribia arobaini, kuanzia Kidato cha Pili hadi cha Nne. Nawafundisha Hisabati na masomo ya biashara, halafu tunazungumza: namna ya kuchagua tahasusi, yaani masomo ya kuchukua Kidato cha Tano, namna ya kukataa zawadi za vijana wa bodaboda, namna ya kusimama mbele za watu na kusema.

Zamani kivuko kilikuwa kinaeleweka. Mtu akichelewa, watu wanajua foleni ya Kigongo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, nyumbani wanaona Mwanza ni hapo tu, na asiyefika amekataa mwenyewe. Hivyo kila Jumamosi alfajiri niko stendi ya Nyegezi.

Shangazi, mambo yamenizidi, na yote ni mema, ndiyo maana sijui la kuacha. Wasichana wengi hawana simu, wanaazima za mama zao na kunibipu usiku. Huyu hana taulo za kike, huyu karudishwa nyumbani kwa mchango wa chakula cha mchana, huyu anataka kaunta buku. Kwa mwezi natoa kama 120,000. Mshahara wangu wa msingi ni 900,000, lakini ukitoa NSSF, kodi na makato ya Bodi ya Mikopo, mkononi nashika 594,500. Mama namtumia 150,000 kwa ajili ya wadogo zangu. Kanisani hapa Mwanza nimechaguliwa katibu wa vijana. Kundi letu la waliosoma shule ile nalo limenifanya mweka hazina, wakisema si wewe ndiye mhasibu.

Ofisini, Jumamosi moja mteja alitaka jedwali la mali zake za kudumu kwa haraka. Mimi nilikuwa nimeshika chaki, nimeandika swali la asilimia ubaoni, simu inatetemeka mfukoni. Niliipokea kipindi kilipokwisha. Jumatatu meneja aliniita, akasema kwa upole kabisa: "Una kichwa kizuri, lakini una kazi mbili. Amua ipi ni ya kwanza." Upole wake ndio ulioniumiza zaidi.

Mitihani ya CPA, ile ya kuwa mhasibu aliyeidhinishwa, ya Mei niliiahirisha kwa sababu sikuwa nimesoma. Inayofuata ni ya Novemba, na Novemba hiyohiyo wasichana wangu wa Kidato cha Nne wanafanya mtihani wa taifa. Nilipomgusia baba mkubwa, ambaye ni mwalimu mstaafu, kwamba nataka nipumzike kidogo hadi nimalize mitihani, alinikumbusha maneno ya Mwalimu Nyerere kuhusu mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili aende mbali akalete msaada. Akila chakula kile asirudi na kitu, huyo ni msaliti. Baba mkubwa hakusema mimi ni msaliti. Alinyamaza tu, akaendelea kunywa chai.

Na kuna jambo moja sijamwambia mtu. Mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu, ana miaka 16, aliniambia kwamba nyumbani kwao wamepokea ng'ombe wa mwanzo kutoka kwa mfanyabiashara mmoja, na shule zikifungwa Desemba ataolewa. Alilia akaniapisha nisimwambie yeyote. Nimekuwa nikiwaza nimchukue aje kuishi nami kwenye chumba changu Nyegezi.

Niache yote nisome? Nijisajili Novemba au niahirishe tena mpaka wasichana wamalize? Na huyu mtoto nifanyeje?

Binti wa Sengerema

*

Marahaba, mwanangu.

Nimesoma barua yako hadi mwisho, kisha nimerudi kwenye aya ya yule mtoto wa Kidato cha Tatu. Nitaanza na yeye. Meneja, mitihani na baba mkubwa vinaweza kusubiri hadi wiki ijayo. Yeye hawezi.

Usimchukue kwenda naye Nyegezi. Nia yako naiona, ila mtoto wa miaka 16 akitoka kwao bila taarifa akakutwa chumbani kwako, siku hiyohiyo habari itageuka. Itakuwa wewe umemtorosha mtoto wa watu, na wale waliopokea ng'ombe watakwenda polisi kabla yako, wakiwa wao ndio walalamikaji. Kesi yake itapotea ndani ya kesi yako.

Ile siri pia usiiweke. Alikuapisha kwa sababu anaogopa yatakayompata nyumbani wakijua amesema, na hofu hiyo ni halali, kwa hiyo usimzunguke. Kaa naye, umwambie wazi kwamba jambo hili ni zito kuliko ahadi mliyopeana, kwamba utawaambia watu wenye mamlaka ya kulizuia, na kwamba kila hatua utamwambia kabla hujaichukua. Atakasirika. Vumilia hasira yake.

Watu wenye mamlaka wapo. Pale shuleni kuna mkuu wa shule na mwalimu wa malezi. Halmashauri kuna afisa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake kisheria ni ulinzi wa mtoto, na ndiye anayejua mtoto alale wapi kama kwao si salama. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Na kama unaona ukimwanza mtu wa pale kijijini habari itavuja, piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure, na huhitaji kuwa mzazi ili kupiga. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na tangu hapo kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha miaka 30 jela, na anayesaidia ndoa hiyo ifanyike naye ana kosa lake. Sikwambii haya ili ukawatishe wazazi. Mara nyingi baba aliyepokea ng'ombe kwa sababu ya shida hurudi nyuma akiitwa na afisa ustawi akaelezwa kinachomsubiri yeye na mkwe wake. Lakini aelezwe na afisa. Ukimweleza wewe, kwake utabaki kuwa mtoto wa jirani aliyesoma.

Kuanzia sasa, kila unapoanza kikao na wasichana, waambie tangu mwanzo: mambo ya kuozeshwa, kupigwa, kushikwashikwa na mtu mzima, mkiniambia sitanyamaza. Watakaokuambia watakuambia wakijua.

Sasa njoo kwako.

Maneno aliyokukumbusha baba yako mkubwa ni ya Mwalimu kweli, na mimi nayaheshimu. Aliyasema miaka ya 1960, wakati waliosoma walikuwa wachache mno na chuo kikuu nchini kilikuwa kimoja, kilichoanza mwaka 1961 na kitivo cha sheria peke yake. Aliogopa kwamba wachache hao wangekula wakasahau. Lakini hebu yasikilize yote. Yule mtu alipewa chakula ili apate nguvu ya kufika mbali, mahali ambako msaada uko. Safari ni ndefu, ndiyo maana walimpa chote. Angekuwa kila baada ya siku chache anageuka njiani kurudi kugawa vipande alivyobakiza, kijiji kisingepata msaada, na chakula kingekuwa kimekwisha.

Wewe uko njiani, mwanangu. Shahada unayo, kazi unayo, lakini CPA bado, na kwenye taaluma yako bila CPA utabaki kuwa msaidizi wa watu wanaosaini. Hutasaini ripoti ya ukaguzi wala kufungua ofisi yako siku moja, ukaajiri binti wa Sengerema aliyemaliza uhasibu akakosa kazi kama ulivyokosa wewe. Yule mama muuza dagaa alitoa elfu mbili ili apatikane mhasibu. Ukiahirisha mitihani kwa ajili ya Jumamosi, unachelewesha kile alichochangia.

Na nitakuambia jambo ambalo nadhani hakuna aliyekuambia: umeshaanza kurudisha. Kwenye mshahara wako wa 900,000, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, yaani 135,000 kila mwezi. Mfuko wa Bodi umeundwa uzunguke, marejesho ya waliotangulia yaende kwa wanaofuata. Boom ulilosubiri ukiwa mwaka wa kwanza, ndani yake zilikuwamo fedha za watu usiowajua waliokuwa wakikatwa mishahara yao, na leo kuna mtoto hosteli fulani anasubiri zako. Vijana wengi huyaona makato hayo kama wizi. Naomba wewe uyahesabu kama sehemu ya utumishi wako, tena sehemu kubwa kuliko zote.

Tuikamilishe hesabu, maana wewe ni mhasibu na nataka uione kwa macho. NSSF 90,000. Kodi ya mshahara 80,500. Bodi 135,000. Unabaki na 594,500, sawasawa na ulivyoandika. Toa 150,000 za mama, toa 120,000 za wasichana, unabaki na 324,500 za kodi ya chumba, chakula, daladala, nauli ya Sengerema mara nne kwa mwezi, sadaka, harusi za wenzako, na ada za mitihani ya Bodi ya Wahasibu. Mteja akikuletea hesabu za namna hii utamwambia biashara yake haimalizi mwaka. Za mama usiziguse, wadogo zako wanasoma. Za wasichana zishushe hadi 40,000, na zote ziende kwenye kitu kimoja. Mimi ningechagua taulo za kike, kwa sababu binti asiyekuwa nazo hukosa vipindi kila mwezi na hakuna anayeandika popote kwamba amekosa. Zinunue kwa jumla hapo Mwanza, umkabidhi matroni, agawe yeye. Fedha taslimu mkononi mwa mwanafunzi usimpe tena.

Mchango wa chakula acha kulipa kabisa. Najua inauma. Lakini elimu bila ada ilianza mwaka 2016 kuanzia msingi hadi Kidato cha Nne, na maelekezo ya Serikali ni kwamba mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Chakula cha shuleni wazazi wanakubaliana wenyewe, na asiyeweza ana haki ya kusikilizwa na bodi ya shule. Kila unapomlipia mtoto mmoja kimyakimya, bodi inaona kila kitu kinakwenda sawa. Mwandikie mkuu wa shule, umtajie idadi ya waliorudishwa bila kuwataja majina, na uombe suala lao liingizwe kwenye kikao cha bodi. Barua hiyo itamsaidia na mtoto ambaye hajawahi kukaa chini ya mwembe wako.

Meneja wako amesema jambo la nusu. Ni kweli una mzigo mkubwa, lakini sikubaliani naye kwamba lazima uchague. Tena sidhani anajali sana unakokwenda Jumamosi. Anachojali ni kutojua lini utapatikana. Ofisi za kodi zina kalenda yake, na wewe unaijua kuliko mimi: kodi za mishahara tarehe 7, ritani za VAT tarehe 20, kisha Juni ambapo kampuni zinazofunga mwaka Desemba zinakimbizana na ritani ya mwisho. Jumamosi zinazokaribia tarehe hizo ni za moto. Jumamosi ya mwisho wa mwezi mara nyingi imetulia kidogo. Basi chagua hiyo, moja tu kwa mwezi, na Mei na Juni, pamoja na Oktoba na Novemba za mitihani yako, usiende kabisa. Iandike kwenye karatasi, umpelekee kabla hajakuita tena. "Bosi, Jumamosi hizi nane za mwaka mzima sitapatikana, zilizobaki ukinihitaji niko." Meneja anayeletewa karatasi ya namna hiyo hana sababu ya kukasirika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na zinazozidi ni za makubaliano na zina malipo yake, mara moja na nusu. Uijue, usimpelekee kama silaha. Ijue pia kwa ajili ya likizo: una siku 28 kwa mwaka, na kadhaa kati ya hizo zipange ziangukie siku za mwisho kabla ya mitihani. Ziombe mapema, kwa maandishi. Usisubiri Oktoba ofisi nzima ikiwa na barua za likizo mezani.

Najua swali linalokuja kichwani mwako: nikienda mara moja kwa mwezi, Hisabati watafundishwa na nani?

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Wasichana arobaini wa vidato vitatu, mwalimu mmoja, saa chache za Jumamosi, ubao mmoja. Wa Kidato cha Pili anasubiri wa Kidato cha Nne amalizane na takwimu, wa Kidato cha Nne anasubiri mdogo wake aelewe aljebra. Unachoka, na sidhani wanapata Hisabati kama unavyotaka waipate. Hilo ni somo la mtu anayekaa palepale. Wapo. Waliomaliza Kidato cha Sita mwezi Mei, ambao hawakuitwa JKT au wamesharudi, wako nyumbani wanasubiri vyuo vifunguliwe. Mmoja aliyesoma EGM au PCM, tahasusi zenye Hisabati, anaweza kushika kundi la Kidato cha Nne, mwingine la Kidato cha Pili. Mwombe mkuu wa shule awatambue kwa barua, wakae chini ya mwalimu wa somo, wasiwe watu wa kujiingilia tu. Kila mwaka wanaondoka, kila mwaka wanamaliza wengine, na kati yao watakuwapo hawahawa unaowafundisha leo.

Kisha nunua kaunta buku moja nene, aishike matroni. Wiki nzima wasichana waandike humo maswali yao, ya hesabu na ya maisha, anayetaka jina aandike, asiyetaka aache. Matroni atajibu anayoyaweza, wasaidizi watajibu ya hesabu, na yale yaliyobaki utayakuta Jumamosi yako. Hiyo itaondoa nusu ya simu za usiku. Nusu iliyobaki wawekee saa: Jumapili kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni unapokea, siku nyingine hupokei, isipokuwa ni hatari, na hatari ina 116.

Wewe Jumamosi yako ibaki na kile ambacho hakuna mwingine pale anaweza kuwapa. Ulikaa kwenye madawati yale, leo unakagua hesabu za makampuni. Waonyeshe kazi hiyo ilivyo. Andika ubaoni mshahara wa kubuni, usitumie wako, kisha waambie wakokotoe makato mstari kwa mstari: NSSF asilimia 10 kwanza, halafu kodi kwa madaraja, 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, zinazofuata hadi 520,000 asilimia 8, na kuendelea. Waache wabishane. Asilimia walizokuwa wanaziogopa kwenye kitabu wataziona zina kazi, na binti mmoja atauliza kwa nini Serikali inachukua yote hayo, nanyi mtakuwa na mazungumzo ya mchana kutwa. Siku nyingine wapelekee fomu halisi ya kuchagua tahasusi, mkae nayo mstari kwa mstari. Ukifanya hivyo mara nane kwa mwaka, watabaki na kitu.

Kanisani, maliza kipindi chako cha ukatibu, usigombee tena, na tangu sasa msaidizi wako aandike mihtasari. Uweka hazina wa kundi la shule uache mwezi huu. Funga hesabu hadi tarehe ya makabidhiano, salio lilingane na taarifa ya benki au ya simu, mpokeaji na mwenyekiti wasaini, nakala ubaki nayo. Wewe mwenyewe unajua kwa nini nasisitiza saini. Wakisema "si wewe ndiye mhasibu", waambie mhasibu atawakagulia hesabu mara moja kwa mwaka, bure.

Baba mkubwa nenda kwake mwenyewe, usimtumie ujumbe. Ni mwalimu, na mwalimu akielezwa kwa utaratibu huelewa kuliko unavyodhani. Mweleze CPA ni nini, mitihani iko mingapi, umefika wapi, nani anasaini ripoti na nani hasaini. Mwombe yeye mwenyewe awe anafika pale shuleni hizo Jumamosi nyingine, awaangalie wale vijana wa Kidato cha Sita wanavyofundisha, awasahihishe. Mtu aliyefundisha maisha yake yote, ukimwomba hivyo, sidhani atabaki kimya na chai yake.

Novemba jisajili. Usiahirishe. Umeniuliza kama uwasubiri wasichana wamalize kwanza, na ukifanya hivyo mwaka huu utafanya hivyo kila mwaka, kwa sababu kila Novemba kutakuwa na Kidato cha Nne. Kama masomo yote ya ngazi yako yanakutisha, zungumza na waliokutangulia ofisini kwako juu ya namna walivyojipanga, lakini uingie chumba cha mtihani.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba kaa na wa Kidato cha Nne peke yao. Wagawe wanne wanne kulingana na wanapokaa, kila kundi liwe na aliye vizuri kwenye Hisabati, uwaachie karatasi za mitihani iliyopita zilizotolewa nakala, na uwaambie kwamba Oktoba na Novemba hutafika kwa sababu na wewe una mtihani. Waambie jina la mtihani huo na umuhimu wake. Waambie unaogopa somo gani. Desemba, mkiwa mmemaliza wao na wewe, panda basi mapema uwapelekee habari za vyuo vya kati na fomu zake, maana matokeo yao yatatoka Januari na si wote watakaokwenda Kidato cha Tano.

Na kesho asubuhi, kabla hujafungua kompyuta ya ofisi, piga ile 116 kwa ajili ya yule mtoto.

Shangazi